USALAMA WA MTAA: TAA, MTARO NA NJIA

(Maneno haya yalisomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi letu la reli, Nairobi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa kazini zamu ile.)



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya usalama wa mitaa tunamokaa. Huenda mtu akauliza: chama cha wafanyakazi kina shughuli gani na jambo hilo? Si kazi ya chama ni mshahara, saa za kazi na nyumba? Jibu letu ni hili. Mfanyakazi hamalizi kazi yake langoni mwa stesheni. Anayetoka zamu saa nne usiku bado ana safari mbele yake, na mshahara ulionyang'anywa njiani ni sawa na mshahara ambao haukulipwa. Kwa hiyo njia ya kwenda nyumbani ni jambo la chama.

Wengi wetu twakaa upande wa magharibi wa jiji: Kibera, Kawangware, Kangemi, Riruta, Dagoretti, Waithaka. Twapanda treni ya Kikuyu au matatu, kisha twatembea kwa miguu. Leo twataka kuonyesha jambo moja tu, kwamba usalama wa mtaa hauletwi na bunduki peke yake. Sehemu yake kubwa ni taa, mtaro, njia na maji ya zimamoto; na vitu hivyo, kwa sheria, ni kazi ya serikali ya jiji. Basi yafaa tujue namna ya kuvidai.

MAMBO YALIYOTUFUNDISHA

Jiji hili limejifunza kwa machozi. Siku ya Ijumaa, 7 Agosti 1998, bomu lilipiga Ubalozi wa Marekani, penye pembe ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, hatua chache tu kutoka stesheni yetu. Jengo la Ufundi House likaanguka. Watu 213 walikufa hapa Nairobi, na maelfu wakaumia. Wengi walioumia macho walikuwa wamesikia mshindo wa kwanza, wakakimbilia madirishani kutazama. Mlipuko mkubwa ulipokuja, vioo vikawarukia usoni. Hawakuwa wamefundishwa kwamba ukisikia mshindo, ukae mbali na dirisha. Na waliofukua kifusi kwanza walikuwa wananchi, kwa mikono mitupu.

Tarehe 28 Januari 2009 moto uliteketeza duka kubwa katikati ya mji, na makumi ya watu wakafa ndani. Baada ya hapo kila mtu mjini aliuliza swali moja: milango ya kutokea ilikuwa wapi?

Tarehe 21 Septemba 2013 wauaji waliingia Westgate, kule Westlands. Watu 67 waliuawa, na vikosi vya serikali vilichelewa na kugongana vyenyewe kwa vyenyewe. Tarehe 15 Januari 2019 wauaji wengine waliingia hoteli ya DusitD2, barabara ya Riverside. Watu 21 walikufa, nasi twawalilia. Lakini mara hii vikosi vilifika upesi, vikafanya kazi kwa mpango mmoja, na watu wapatao mia saba walitolewa wazima. Ndugu, kati ya mwaka 2013 na 2019 ushujaa haukuongezeka, kwa maana ulikuwapo tangu mwanzo. Kilichoongezeka ni mpango na mazoezi.

Sisi wa reli tuna mfano wetu pia. Januari 2008, wakati wa ghasia baada ya uchaguzi, reli iling'olewa pale Kibera. Mataruma yalitupwa, na treni za kwenda Uganda zikakwama. Hapo ndipo wakubwa walipoona kwamba mtaa wa maskini ukikosa amani, nchi nzima hukosa njia.

Na tusisahau maji. Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua watu zaidi ya 200 katika Kenya, na wengine walikuwa wa jiji hili. Mwezi wa Aprili hata treni za abiria za Nairobi zilisimamishwa kwa muda. Siku zile hapakuwa na mwizi wala gaidi. Yalikuwa ni maji yaliyokosa mahali pa kupita.

NI KAZI YA NANI?

Hapa ndipo wengi wetu huzungushwa. Ukienda huku waambiwa nenda kule. Basi ishikeni Katiba ya mwaka 2010, Jedwali la Nne. Polisi ni wa serikali ya taifa. Lakini taa za barabarani, barabara za kaunti, maegesho, mitaro ya maji ya mvua, mipango ya ujenzi, zimamoto na kujikinga na maafa, yote hayo yamewekwa mikononi mwa serikali ya kaunti. Serikali hizo zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na Nairobi ina wadi 85, kila moja na mjumbe wake.

Kwa hiyo mtu akipigwa gizani, ziko idara mbili za kuulizwa. Polisi aulizwe: mwizi yuko wapi? Na kaunti iulizwe: taa iko wapi? Swali la kwanza twaliuliza kila siku. Swali la pili huulizwa mara chache, na huku ndilo lenye jibu jepesi zaidi, kwa sababu mwizi hukimbia lakini nguzo ya taa haikimbii.

YALIYOFANYIKA VIZURI

Si haki kusema hakuna lililofanyika. Luthuli Avenue wengi mwaikumbuka ilivyokuwa: matatu pande mbili, mizigo, honi, na mkono wa mtu mfukoni mwako. Mwaka 2019 serikali ya kaunti, pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, iliigeuza njia ya magari kuwa ya upande mmoja, ikapanua njia ya waendao kwa miguu, ikapanda miti na kuweka viti. Askari hakuongezwa ndipo mtu apate kupita. Mtu alipewa nafasi ya kupita.

Vilevile bustani ya Michuki, kando ya Mto Nairobi karibu na mzunguko wa Globe. Zamani wengi waliogopa kukatiza pale. Mwaka 2020 ilisafishwa, njia zikatengenezwa, na watu wakaanza kuketi na watoto wao. Mahali penye watu wengi wema, mwovu hapapendi.

Tena ziko zile nguzo ndefu za taa zilizosimamishwa katika mitaa kama Kibera na Mathare, ambazo watu waliziita mulika mwizi. Zimesaidia sana. Mama wa kuuza samaki huweza kukaa sokoni saa moja zaidi, na saa hiyo ni unga wa watoto. Lakini nguzo moja ndefu huangaza uwanja, haiangazi kichochoro kilicho nyuma ya nyumba. Na ikizimika hiyo moja, mtaa mzima umezimika.

Hapa, ndugu, sisi wa reli twaweza kuwafundisha wenye ofisi kubwa. Kuweka reli ni kazi ya siku chache. Kuitunza ni kazi ya miaka yote. Ndiyo maana kila sehemu ya njia ina genge lake, na genge hupita likigonga, likitazama misumari na mataruma, kabla treni haijapita. Hatungojei behewa lianguke ndipo tukague njia. Taa ya barabarani nayo yataka genge lake, na mtaro wataka genge lake. Gavana yeyote aweza kukata utepe mbele ya wapiga picha. Lakini nani anayerudi mwaka wa pili kubadili balbu? Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na mambo ya ofisi yakiharibika, anayeumia ni mtu wa chini. Februari 2025 kampuni ya stima ilikata umeme wa City Hall kwa ajili ya deni, na malori yakaenda kumwaga taka mbele ya ofisi za kampuni. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

UPANDE WETU WA MAGHARIBI

Tazameni ramani. Lavington na Kawangware ni majirani. Upande mmoja kuna kuta, nyaya za umeme, vizuizi vya barabara na walinzi usiku kucha. Upande wa pili kuna kichochoro na kandili. Na mlinzi yule anayekesha langoni Lavington au Kileleshwa anakaa wapi? Anakaa Kawangware, anakaa Kangemi. Saa kumi na mbili jioni anakwenda kulinda usingizi wa wengine, na wake nyumbani wanalala bila taa. Hatusemi haya kwa wivu. Twasema kwamba usalama unaonunuliwa na kila mtu kwa fedha yake humfikia mwenye fedha tu. Ule unaoletwa na serikali ya jiji kwa kodi ya wote ndio unaoweza kumfikia kila mtu.

Mwenzetu mmoja wa karakana alishambuliwa usiku akitoka kazini, katika njia ambayo taa yake ilikuwa imekufa miezi mingi. Alivunjwa mkono, akakaa nyumbani wiki sita. Chama kilimchangia. Mchango ule ulikuwa mwema, lakini fikirini: fedha tulizotoa kwa mkono mmoja zingeweza kununua balbu ngapi?

Maji nayo hayana tajiri wala maskini. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ukapita upande wetu wa magharibi kabla ya kufika mjini. Ukizibwa juu, unafurika chini. Agosti 2018 serikali ilibomoa majengo yaliyokaa juu ya njia za maji, miongoni mwao kituo cha petroli Kileleshwa na jengo la Ukay pale Westlands. Wananchi wakauliza: ni nani aliyetoa vibali vya kujenga? Swali hilo ni zuri, ila lingefaa zaidi kuulizwa siku ya kuweka jiwe la kwanza kuliko siku ya tingatinga.

Na mtu akihamishwa, ahamishiwe mahali. Pale Kibera, ilipotakiwa kusafisha ukanda wa reli, nyumba na vibanda vilijengwa kando ili watu wapate pa kuingia. Kazi ile ilichukua miaka mingi, tena haikukosa manung'uniko, lakini mtu alitoka mlango mmoja akaingia mwingine. Baada ya mafuriko ya 2024, waliokaa kando ya mito ya Mathare na Mukuru walibomolewa upesi, wakaahidiwa shilingi 10,000 kila nyumba. Ni kweli kwamba kukaa kando ya mto ni hatari. Lakini aliyeondolewa bila pa kwenda huhamia hatari nyingine.

TUFANYE NINI?

Ndugu, kulalamika kwenye behewa hakuleti taa. Twataka tuseme mambo ambayo kila mmoja aweza kufanya.

Kwanza, tujue kalenda ya fedha. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa kaunti hupelekwa kwa bunge la kaunti kufika 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa matumizi hufika 28 Februari. Makadirio ya bajeti hufika 30 Aprili. Katiba yasema wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha. Anayekwenda kuomba taa mwezi wa Julai amefika stesheni treni imekwisha kuondoka.

Pili, tuombe kwa hesabu. Tusiseme "tunataka usalama," kwa maana kila mtu atajibu "hata sisi." Tuseme: kutoka stesheni ya Dagoretti hadi mahali fulani nguzo ni kadha, zinazowaka ni kadha, zilizokufa ni kadha. Kazi ya kuhesabu ni ya usiku mmoja.

Tatu, tuulize kwa barua. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari yampa kila raia haki ya kuuliza ofisi ya serikali, nayo yapaswa kujibu katika siku 21. Tuulize: gari la zimamoto la mtaa wetu hutoka kituo gani? Huingilia njia ipi? Bomba lake la maji liko wapi? Soko la Toi liliungua mwaka 2019, nalo si soko pekee lililoungua. Maswali hayo yaulizwe kabla ya moshi.

Nne, tulinde njia wenyewe. Kibanda kilichojengwa katikati ya njia huzuia zimamoto sawasawa na kizuizi cha tajiri. Taka inayotupwa mtaroni leo ndiyo mafuriko ya Aprili. Hapa hatuwezi kumlaumu gavana.

Tano, tukae na majirani. Mpango wa Nyumba Kumi ulioanza 2013 umefaulu mahali pengine na kulala mahali pengine. Lakini maana yake ni njema: ujue nani anakaa karibu nawe, nani ni mgonjwa, nani ana watoto wadogo, ili siku ya moto au maji mjue mlango wa kugonga kwanza.

Kwa hiyo kamati inaleta ombi mbele ya mkutano huu. Kila mtaa uchague wanachama wawili, mmoja wa zamu ya mchana na mmoja wa usiku. Kazi yao ni kuhesabu taa na mitaro ya njia za wafanyakazi, kuandika, na kupeleka karatasi hiyo kwa mjumbe wa wadi kabla ya mwezi wa Februari. Wakienda, wasiende peke yao: waende na mama wa sokoni, mlinzi wa usiku, mwenye matatu na mwalimu. Karatasi ya mtu mmoja huwekwa chini ya nyingine. Karatasi ya mtaa mzima husomwa.

Jiji hili lilianza kwa reli kufika hapa mwaka 1899. Wenye reli hujua kwamba treni haiendi gizani kwa kubahatisha. Nasi twaomba jiji limpe mtu aendaye kwa miguu heshima ile ile iliyopewa treni.

Wanaokubali ombi la kamati wainue mikono.