Enoch Sontonga, Mwalimu wa Kuimba

Somo letu la leo ni juu ya sala inayoimbwa. Wako wanaodhani ya kuwa wimbo kanisani ni pambo tu, kitu cha kuwapumzisha watu kabla ya mahubiri. Kwa kuwajibu, tutaeleza habari za mwalimu mmoja wa shule, ambaye alikufa zamani na sala yake ingali inaimbwa.

Jina lake ni Enoch Mankayi Sontonga, Mxhosa wa Afrika ya Kusini, aliyezaliwa karibu na mwaka wa 1873. Alisomea ualimu katika chuo cha misioni cha Lovedale, kisha akatumwa kufundisha katika shule ya misioni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Mji ule ulikuwa mchanga bado, maana dhahabu ilivumbuliwa pale mwaka wa 1886. Vijana wa makabila mengi waliacha wazazi wao wakaenda kuichimba chini ya ardhi. Sisi tunaokaa karibu na migodi ya shaba twajua maisha ya namna hiyo: lugha nyingi katika kambi moja, na watu wanaofiwa wakiwa mbali na kwao.

Sontonga alifundisha, aliongoza kwaya, alihubiri ingawa hakuwa mchungaji, tena alipiga picha. Aliwatungia wanafunzi wake nyimbo, akiziandika katika daftari kwa herufi za do, re, mi. Misioni nyingi zilipenda maandiko hayo, kwa sababu hayadai kinanda wala karatasi ya mistari mitano. Ubao na chaki vyatosha. Sauti nne huandikwa moja chini ya nyingine, na kila kundi hufuata mstari wake. Mtoto akiisha kujua ngazi ya sauti saba, aweza kuusoma wimbo ambao hajausikia kamwe.

Mwaka wa 1897 alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio cha wimbo uitwao Nkosi Sikelel' iAfrika, maana yake, Bwana, ibariki Afrika. Wakati ule mataifa ya Ulaya yalikuwa yakigawanya bara hili, kila moja likiweka mipaka yake. Mwalimu huyu hakutaja kabila lake wala mfalme yeyote. Aliiombea Afrika nzima, akamsihi Roho ashuke. Mwaka wa 1899 wimbo uliimbwa mbele ya watu wengi, siku ya kuwekewa mikono mchungaji mmoja Mmethodisti.

Tarehe 18 Aprili 1905 Sontonga alikufa, akiwa na umri wa miaka thelathini na kidogo. Hakuacha kitabu kilichochapwa. Viongozi wa kwaya waliazima nyimbo zake kwa mjane wake, lakini nyingi katika hizo hazijulikani tena leo.

Wimbo ule mmoja haukupotea. Tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa Bloemfontein, katika mkutano ulioanzisha chama kilichoitwa baadaye African National Congress. Mwaka wa 1923 Solomon Plaatje aliuimba London, ukatiwa katika sahani ya santuri. Mwaka wa 1927 beti saba za mshairi Samuel Mqhayi zilichapwa pamoja na ule wa kwanza. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka wa 1961, watu waliuimba kwa Kiswahili, Mungu ibariki Afrika. Jirani zetu wa Zambia waliichukua sauti yake mwaka wa 1964, wakaitilia maneno mengine. Na tangu mwaka wa 1997 ni sehemu ya wimbo wa taifa wa Afrika ya Kusini.

Lakini kaburi lake, katika makaburi ya Braamfontein, halikujulikana kwa miaka mingi. Waliolitafuta walihangaika, kwa maana lilikuwa limeandikwa kwa jina la Enoch, si Sontonga. Mwaka wa 1996 Rais Nelson Mandela alizindua ukumbusho mahali pale. Hivyo watu wengi waliishika sala kabla ya kumjua aliyeitunga.

Tujifunze nini? Ninyi walimu wenye darasa la watoto kumi na watano na ubao uliopasuka, msidharau kazi yenu. Mpanzi hajui ni mbegu ipi itakayoota, wala itafika wapi. Nanyi waimbaji, msiimbe maneno msiyoyafahamu, kwa maana kinywa kikiomba pasipo moyo, wimbo ni kelele tu. Tena tuwaambie wakristo wote: katika makanisa yetu mna nyimbo zilizotungwa na makatekista ambao majina yao hayakuandikwa popote. Wazee wanaozikumbuka wanakufa. Chukueni daftari, mwandike maneno, sauti, na jina la mtungaji, kabla daftari lao halijapotea kama la Sontonga.

Maulizo ya kujibiwa nyumbani:

1. Sontonga alitunga nyimbo kwa ajili ya nani?

2. Katika wimbo wake aliomba baraka kwa nani?

3. Ni nani aliyetunga wimbo unaoupenda katika kanisa lako? Kama hujui, waulize wazee juma hili.

Bwana awabariki, hata tutakapoonana katika somo lijalo.