Watu Wawili, Dira na Mlima
Mazungumzo kwa wakazi wa kata za milimani



Karibu kila mwaka, mwishoni mwa mwezi Oktoba, watu wengi nchini Uingereza huziacha nyumba zao zenye joto na kupanda milima kwa makusudi, katika majira ambayo mvua, upepo na ukungu havimwonei mtu huruma. Huenda wawili wawili, na hukaa huko siku mbili. Mashindano hayo huitwa Original Mountain Marathon. Yalianza mwaka 1968 kwa juhudi za Gerry Charnley, mkimbiaji wa milimani aliyeupenda mchezo wa kutafuta njia kwa ramani, na kwa muda mrefu yalibeba jina la Karrimor, kampuni ya mabegi iliyoyafadhili.

Neno marathoni lisimdanganye mtu. Huko hakuna barabara iliyotengwa, wala alama za kumwongoza mshindani, wala watazamaji wa kumshangilia. Kila jozi hupewa ramani iliyochorwa vituo: kimoja kando ya kijito, kingine nyuma ya jabali, kingine kwenye bonde dogo lisilo na jina. Katika madaraja mengine vituo hupitiwa kwa mpangilio uliowekwa. Katika mengine jozi huchagua yenyewe viende vipi na vingapi, mradi irudi kabla ya muda kwisha, kwa maana kila dakika ya kuchelewa hukatwa alama. Njia ya kutoka kituo hadi kituo haikuchorwa. Hiyo ni juu ya wawili hao na dira yao. Vifaa vya setilaiti vya kuonyesha njia haviruhusiwi.

Kazi ya kwanza, basi, ni hesabu. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, aliweka kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila maili tatu, yaani takribani kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani takribani mita 600. Tuseme kituo kiko kilomita mbili mbele, ng'ambo ya kilima chenye mwinuko wa mita 300. Kukipita kilima juu kwa juu ni dakika 24 za mwendo na 30 za kupanda, jumla 54. Kukizunguka kwa kilomita nne za tambarare ni dakika 48. Njia ndefu imeishinda fupi. Wakazi wa milimani wanalijua hilo kwa magoti yao, ijapokuwa hawakuliandika. Mshindani hulisoma katika mistari ya kontua, ambayo inaposongamana humwambia kwamba mbele yake pana ukuta.

Mbinu nyingine ni kukosea kwa makusudi, na pengine ndiyo iliyo nzuri kuliko zote. Mtu anatafuta kituo kilichopo mahali vijito viwili vinapokutana, na ukungu umefunga. Akikilenga moja kwa moja, atafika kijitoni asikione, naye hatajua kama kiko juu yake au chini yake. Mjuzi hulenga pembeni, mathubuti upande mmoja, hatua mia au mia mbili kando ya anapopataka. Akiukuta mkondo wa maji anajua bila shaka ageukie wapi.

Katika ukungu huo huo ndipo faida ya kuwa wawili inapoonekana waziwazi. Mmoja husimama na dira mkononi. Mwenzake hutangulia hadi karibu na ukomo wa macho, naye huelekezwa kwa sauti, kushoto kidogo, kulia kidogo, mpaka asimame juu ya mstari sahihi. Aliye nyuma humfuata, kisha huanza tena. Mwendo ni wa kinyonga, lakini mstari haupindi. Mtu aliye peke yake hana alama ya kuilenga katika weupe mtupu, na miguu yake humpeleka upande bila yeye kuhisi.

Sheria inataka wawili hao wasiachane, nao wafike pamoja katika kila kituo. Mmoja akiteguka mguu, mashindano yamekwisha kwa wote wawili. Kwa sababu hiyo mwendo wa jozi ni mwendo wa yule aliyechoka zaidi, na jozi yenye busara humpa aliye na nguvu hema na jiko abebe, ili tofauti ya miguu ipunguzwe na uzito wa mgongoni. Asiyeshika dira naye ana kazi: anahesabu hatua, anatazama saa, na zaidi ya yote anauliza. Hapa pana jambo linalostahili kufikiriwa hata na wasiokusudia kushindana. Panapokuwa na mkubwa na mdogo, au fundi na mwanafunzi, yule wa chini huona haya kumwambia wa juu kwamba mto uko upande usio wake. Hunyamaza kwa adabu, na wote wawili huteremkia bonde lisilo lao. Jozi hodari hukubaliana mapema kwamba yeyote akisema "tusimame", husimama wote na ramani hutazamwa upya, bila kinyongo.

Usiku hulala kambini, katika hema walilolibeba wenyewe, wakipika chakula walichokibeba wenyewe kwa maji ya kijito. Nguo zilizolowa mchana ndizo za kuvaa asubuhi. Mara nyingi usiku huo huwa ndio usiku ambao Waingereza hurudisha saa zao nyuma kwa majira ya baridi, hivyo saa nane ya usiku hugeuka saa saba, na aliyekosa usingizi kwa baridi huongezewa saa nzima ya kutetemeka.

Mwaka 2008 mashindano yalifanyika katika milima ya Lake District, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kuanzia bonde la Borrowdale karibu na Seathwaite. Seathwaite ni miongoni mwa mahali penye watu panaponyeshewa zaidi nchini humo, kwa wastani wa zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Jumamosi ya tarehe 25 Oktoba mvua na upepo vilizidi hata desturi ya mahali hapo. Vijito vya kurukwa vikawa mito, mashamba ya kuegeshea magari yakajaa maji, barabara zikafungwa, na waandaaji wakasimamisha mashindano siku hiyo hiyo.

Jioni vyombo vya habari vilitangaza kwamba watu wapatao 1,700, kati ya takribani 2,500, hawajulikani walipo. Dunia nzima ikashtuka. Kumbe wengi wao walikuwa salama. Wapo waliolala kambini katika hema zao kama ilivyopangwa. Wapo waliojibanza katika maghala ya wakulima, na wapo waliopokewa katika machimbo ya mawe ya Honister. Wapo walioteremkia bonde jingine lililokuwa karibu, wakazuiwa na maji kurudi walikotoka. Baadhi walihitaji matibabu, hasa kwa baridi, lakini hakuna aliyekufa. Walikuwa na hema, chakula cha akiba, nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na kila mmoja alikuwa na mwenzake. Wenyewe walijua vyema walipo. Waliokuwa hawajui ni walioshika orodha.

Ubishi uliofuata magazetini ulikuwa juu ya nani alaumiwe kwa kuruhusu mashindano kuanza, na ubishi huo hauna haja ya kurudiwa hapa. Lililo zito zaidi ni lile la orodha. Mtu asiyetoa taarifa kwamba amefika huhesabiwa kuwa amepotea, na anayehesabiwa kuwa amepotea hutafutwa. Watafutaji katika milima ya Uingereza ni watu wa kujitolea wasiolipwa mshahara. Hutoka usiku, katika mvua ile ile, wakavuka mito ile ile. Kumtafuta mtu ambaye amekwisha kunywa chai na kulala kwa jamaa yake ni kuwaweka watu hao hatarini bure, na ni kumnyima msaada yule aliyevunjika mguu kweli. Kwa hiyo katika mashindano kama hayo jozi inayoacha katikati hutakiwa kujiripoti kwa waandaaji, hata kama imeingia njia nyingine na gari la nyumbani linaingoja.

Wanaopanda mlima hapa wilayani hawaendi kushindana. Wanakwenda kutafuta kuni, malisho na asali, au kubeba mizigo ya wageni. Msimu wa ukungu na mvua ndefu hauwachagui. Wawili wakitoka pamoja, jina la kila mmoja, njia wanayopita na saa ya kurudi yakiachwa nyumbani au kwa mwenyekiti wa kitongoji, kazi ya kutafuta huanza mahali panapojulikana. Akirudi kwa njia nyingine, apeleke habari kabla ya kuvua viatu. Simu ikipata mtandao, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114 bila malipo.

Isipopata mtandao, ipo filimbi, ambayo kila mshindani hulazimika kuibeba. Ishara ya dharura inayotumika katika milima ya Uingereza ni mapigo sita ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, kisha sita tena. Usiku tochi hufanya kazi hiyo hiyo kwa mimuliko sita. Anayeisikia hujibu kwa mapigo matatu. Aliyekwama asinyamaze baada ya kujibiwa: aendelee kupuliza mpaka waokoaji wamfikie, kwa kuwa sauti mlimani hugonga miamba na kuonekana kutoka upande usio wake.