Nafaka au Fedha? Maneno kwa Wakristo na Walimu juu ya Sadaka ya Jubilei



Tumeagizwa kunena juu ya sadaka ya Jubilei, iliyowekwa kwa ajili ya wenzetu waliopatwa na vita ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Neno la kuwasaidia halina ubishi. Ubishi umo katika namna yake: wazee wengine wataka tupeleke magunia ya mahindi, wengine wataka tupeleke fedha, kila mwenye shida ajinunulie. Maneno ya Jumapili iliyopita yalikuwa makali.

Twakiri kwamba sisi nasi tulikuwa upande wa mahindi. Gunia laonekana kwa macho. Fedha ikiisha kuingia mfukoni, nani ajuaye itatokea wapi? Lakini habari za Somalia zilitutikisa. Mwezi wa Januari 2010 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisimamisha kazi yake katika sehemu kubwa ya kusini ya nchi ile, kwa sababu ya vitisho na madai ya watu wenye silaha. Kisha mvua zikakosa. Tarehe 20 Julai 2011 njaa kuu ikatangazwa katika Bakool ya kusini na Shabelle ya Chini. Hesabu iliyofanywa baadaye yasema walikufa watu kama 258,000, na yapata nusu yao ni watoto wasiotimia miaka mitano.

Malori ya msaada yalizuiwa, bali wafanya biashara walipita, maana hao hupata njia hata pale ambapo wakuu hawaipati. Ndipo mashirika mengine yakapeleka fedha kwa njia ya hawala: wakala apokea fedha Nairobi, na mwenziwe aliye huko ampa mjane kiasi kilekile, wala hapana noti hata moja iliyovuka mpaka. Watu wakanunua chakula, wakalipa na madeni ya dukani. Huzuni yetu ni kwamba fedha nyingi zilifika baada ya njaa kutangazwa, na wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Je, fedha ni bora siku zote? La. Februari 2017 njaa kuu ilitangazwa Leer na Mayendit, Sudani Kusini. Huko vita ilikuwa imevunja masoko, na wakati wa mvua njia huwa matope matupu. Ukimpa mama noti mahali pasipo duka, umempa karatasi. Kwa hiyo nafaka ilidondoshwa kwa ndege, ingawa gharama yake yapita sana ile ya lori.

Tena tutazame karibu. Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, ghala za shirika lilelile ziliporwa chakula karibu tani 7,000. Gunia laonekana kwa macho, kweli. Hata mwizi aliona. Lakini huko Goma, uliotwaliwa mwezi wa Januari, mabenki yalifungwa, na fedha taslimu zikawa adimu. Basi wenye kusema nafaka na wenye kusema fedha, wote wana la kujibu.

Liko na neno letu wenyewe. Sisi tukaao karibu na kambi ya Nyarugusu tumeona unga wa msaada ukiuzwa sokoni, tukasema, Watu hawa hawana shukrani. Twaona haya sasa. Aliyeuza unga alitafuta kuni, chumvi, au sabuni, naye aliuza kwa hasara, na pengine walionunua kwa bei hiyo ni sisi. Desemba 2016 wengine kambini walianza kupewa fedha badala ya chakula. Mwaka 2017 Serikali ikaukomesha mpango huo.

Kwa hiyo tumeandika barua kwa makatekista wa ng'ambo, tukiuliza mambo matatu: soko lao lingalipo? Pishi ya mahindi ni bei gani leo, na ilikuwa bei gani kabla ya vita? Tena nani awezaye kuwafikishia wajane fedha pasipo kunyang'anywa njiani? Barua imeondoka juzi. Hata majibu yaje, fedha zitakaa kwa mtunza hazina, nao walioahidi mahindi twawasihi wasiyauze bado.