Tushike mkono wa mgonjwa, tuhesabu mapigo
Mazungumzo kwa wanamemba, Komanda

 

Leo tuko na kazi isiyoomba mashini wala franka: kuhesabu mapigo ya moyo. Sisi tuliorudi Komanda tunajua usiku ni nini. Kufika Bunia ni kilometa karibu 75, na gizani mtu wa moto hakubali kuondoka. Kwa hiyo ni lazima tujue mapema, jua likingali juu, kwamba mgonjwa anazidi.

Mgonjwa apumzike dakika 5. Tugeuze kiganja chake juu, tuweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba. Tusitumie gumba letu: nalo lina mapigo, tutajihesabu wenyewe. Tutazame saa, tuhesabu dakika nzima.

Mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100. Mtoto mchanga hupita 100, na huo si ugonjwa. Homa inaongeza mapigo. Hofu vilevile: tukisikia mlio wa bunduki moyo unakimbia, tukitulia unashuka. Usiposhuka, tumwone muganga.

Zaidi tumwangalie mama aliyetoka kuzaa, na mtu aliyeumia tumboni. Damu inayopotea ndani hatuioni. Moyo unakimbia ili damu ile kidogo iliyobaki ifike mwilini kote: mapigo yanakuwa ya haraka na dhaifu, ngozi inapoa, jasho linatoka. Huyo asingoje kesho. Apelekwe kituo cha afya cha karibu mara moja. Na anayetoka damu nyingi apelekwe hata kama tumehesabu 80.

Mtu akianguka, haitiki wala hapumui, tusipoteze wakati kutafuta mapigo. Tuite watu, tubonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Tena tuandike. Saa 4, mapigo 96; saa 6, mapigo 124. Muganga akipewa karatasi ile anajua ugonjwa unaelekea wapi.

Kwa wafadhili ombi letu ni dogo: saa moja yenye mshale wa sekunde na daftari moja kwa kila mtaa, maana simu zetu huzimika.

Basi, kila mtu ashike mkono wa jirani yake. Mmepata mapigo? Tuanze kuhesabu.