Elewa swali kwanza, kibodi baadaye

Hotuba kwa wazazi na walimu kuhusu ufundishaji wa kompyuta shuleni



Mwanafunzi akipewa zoezi la kuandika programu, mara nyingi hukimbilia kibodi. Hunakili kazi ya mwenzake, hubadilisha hapa na pale, na programu ikikataa husema hana kichwa cha kompyuta. Kichwa anacho. Hajaonyeshwa pa kuanzia.

Walimu wa hesabu walilishughulikia jambo hili zamani. Mwaka wa 1945, George Pólya, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alichapisha kitabu How to Solve It. Humo alieleza hatua 4: kuelewa swali, kupanga njia, kutekeleza mpango, kisha kurudi kuikagua kazi.

Chukua mfano wa orodha ya majina 1,000 ya waliopata basari, iliyopangwa kwa alfabeti. Mwanafunzi anatakiwa aandike programu ya kutafuta jina moja. Kwanza, aeleze kwa maneno yake mwenyewe kinachotafutwa. Pili, swali kubwa likimlemea, ajaribu dogo linalofanana nalo: karatasi 8 mezani, kila moja ina jina. Atazame katikati. Jina analotafuta liko kabla au baada ya hapo? Nusu isiyohitajika aiweke kando. Zitabaki 4, kisha 2, kisha 1. Kwa njia hiyo, majina 1,000 hayahitaji kugawanywa zaidi ya mara 10. Tatu, sasa aandike programu.

Hatua ya nne ndiyo hurukwa. Je, jina likiwa halimo? Je, orodha ikiwa haikupangwa? Hapo programu yaweza kusema "hayumo" ilhali mtoto yumo, na mzazi akarudi nyumbani akiamini karo imekosekana. Kompyuta haitamwonya mtu. Hufanya ilichoagizwa tu.

Kwa hivyo mwalimu asiharakishe kutoa jibu. Aulize: Unatafuta nini? Umepewa nini? Umewahi kukutana na swali kama hili? Umehakikishaje jibu lako? Mzazi naye anaweza kuuliza hayo hayo nyumbani, hata kama hajawahi kugusa kompyuta. Na shule yenye kompyuta chache inaweza kuanza na karatasi hizo 8.

Kuuliza si ujinga.