Neno Aliloambiwa Tamari



Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 13, imo habari ambayo masomo yetu ya Dominika hayaifikii. Hatuilaumu kalenda ya liturujia. Si habari rahisi kuisoma mbele ya watoto. Lakini imo katika Maandiko Matakatifu, na waliopatwa na mambo ya namna hiyo wamo kanisani kila Dominika, wameketi pamoja nasi katika mabenchi yale yale. Basi leo tuisimulie.

Mfalme Daudi alikuwa na binti aitwaye Tamari. Amnoni, ndugu yake kwa baba, alimtamani, naye kwa shauri la binamu yake Yonadabu akajifanya mgonjwa, akaomba Tamari aje kumwandalia mikate. Aliyemtuma binti kwenda huko alikuwa baba yake mwenyewe, asiyejua lolote. Tamari akakanda unga, akaoka, akampelekea mgonjwa chakula. Amnoni akawatoa watu wote nje, akamshika kwa nguvu. Tamari alikataa, akamsihi, akamweleza aibu itakayowapata, hakusikilizwa. Uovu ulipokwisha kutendeka, Amnoni akamchukia kuliko alivyompenda, akaamuru atolewe nje na mlango ukomewe.

Tazameni alichofanya Tamari. Alijitia majivu kichwani, akalirarua vazi lake la binti wa mfalme, akaenda zake akilia kwa sauti. Hakuficha. Alitaka ijulikane. Ndipo akakutana na Absalomu, ndugu yake wa tumbo moja, naye akamtaka anyamaze, maana mtenda huyo ni wa nyumbani, na jambo lenyewe asiliweke moyoni.

Tangu hapo hatusikii tena neno lolote kutoka kinywani mwa Tamari. Tunaambiwa tu kwamba alikaa nyumbani kwa Absalomu katika ukiwa. Daudi alipopata habari alikasirika sana, lakini hakumwadhibu mwanawe. Absalomu alikaa kimya miaka miwili, kisha akaamuru Amnoni auawe katika karamu ya kukata manyoya ya kondoo. Akakimbia, akarudi, akamwasi baba yake, mwishowe akafa vitani. Wanaume walikasirika, wakalipiza kisasi, wakapigana. Wala hatusomi mahali popote kwamba mtu mmoja aliketi na Tamari akamwuliza anahitaji nini.

Wapendwa wasikilizaji, jambo hili halikubaki katika nyumba ya Daudi. Binti akiharibiwa na mjomba, au na jirani mwenye heshima zake, mara nyingi kinachofuata ni kikao cha ukoo. Wazee hukutana, faini hutajwa, ng'ombe au fedha hupokelewa na baba, na shauri huhesabiwa kuwa limekwisha. Limekwisha kwa nani? Binti hakuitwa kikaoni. Kesho yake atatumwa kisimani kwa njia ile ile, naye atakutana na mtu yule yule, akimwamkia shikamoo.

Kwa mwanamke aliyeolewa, neno la Absalomu huja kwa sauti ya upole zaidi. Ndoa ni kuvumilia, mwanangu. Hata mimi baba yako alinipiga. Siri ya mtungi aijuaye kata. Haya husemwa na mama mzazi, na mawifi, na, tuseme kweli, hata na wasimamizi wa ndoa. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake 40 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili, na 17 katika 100 walikuwa wametendewa ukatili wa kujamiiana. Utafiti huo huo ulikuta kwamba wanawake 58 katika 100 waliona ziko sababu zinazompa mume haki ya kumpiga mkewe. Wanaume waliosema hivyo walikuwa 40. Tuitafakari tofauti hiyo. Wanaopigwa wamefundishwa kuamini kipigo kuliko wanaopiga.

Lakini sheria ya nchi haikubaliani nao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzake wa ndoa adhabu ya viboko. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji aliye mtu mzima. Faini ya ukoo haiwezi kulifuta kosa hilo, hata ng'ombe wakiwa wengi namna gani.

Na Kanisa je? Wapo waamini wanaodhani kwamba, kwa kuwa ndoa haivunjiki, mke hana ruhusa ya kuondoka hata akiwa anatokwa damu. Hayo siyo mafundisho ya Kanisa. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 1153, unasema kwamba mwenzi anayemhatarisha vibaya mwenzake au watoto, mwili au roho, anampa sababu halali ya kutengana naye, kwa uamuzi wa Askofu wa mahali. Na kama kuchelewa kuna hatari, anaweza kuondoka hata kwa uamuzi wake mwenyewe. Kifungo cha ndoa hubaki, na tumaini la kupatana hubaki. Lakini asubuhi hiyo mama aliyechukua watoto na kibuyu cha maji akaenda kwao hakutenda dhambi. Makatekista, tunawaomba myaseme haya katika mafundisho ya wachumba, mkiyasema kwa wote wawili.

Liko pia jambo la unajisi, ambalo huwala mabinti wengi kimya kimya. Mwaka 410 mji wa Roma ulipotekwa na Wagothi, wanawake wengi Wakristu walibakwa, wakiwemo mabikira waliojiweka wakfu kwa Mungu. Watu walinong'ona juu yao, kama wanavyonong'ona leo. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, katika sehemu za mwanzo za kitabu chake kiitwacho Mji wa Mungu, aliwatetea: usafi ni fadhila ya roho, wala tendo la mtu mwingine juu ya mwili usioridhia haliwezi kuuondoa. Imepita miaka zaidi ya 1,600. Binti aliyebakwa hana cha kuungama katika jambo hilo. Akipata mtoto, mtoto huyo aletwe kwenye Ubatizo bila mama yake kuulizwa maswali yatakayomchoma mbele za watu. Na wanaomsifu Mtakatifu Maria Goretti, ambaye sisi sote twamheshimu, wajihadhari wasimsimulie kana kwamba aliyebaki hai ni mwenye hatia kwa kuwa hakufa.

Sasa tufike kwenye mambo ya mikono na miguu, maana aliyejeruhiwa hatibiwi kwa hotuba. Aliyebakwa apelekwe hospitali siku ile ile. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Kikao cha ukoo kikianza Ijumaa na kumalizika Jumatatu jioni, saa hizo zimekwisha kuliwa na maneno. Asioge kwanza, ingawa atatamani sana kuoga. Nguo alizokuwa nazo zisifuliwe, zifungwe katika karatasi au kanga. Polisi hutoa fomu iitwayo PF3, ambayo daktari huijaza na mahakama huitumia. Lakini mgonjwa akiwa katika hali mbaya, tiba itangulie na fomu ifuate. Katika vituo vingi vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, na katika baadhi ya hospitali vipo vituo viitwavyo Mkono kwa Mkono, ambamo daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja, ili mtu asisimulie maumivu yake mara nne kwenye madirisha manne. Kwa habari za watoto, namba ya simu 116 hupigwa bure.

Hizo ni siku za kwanza. Baada yake huja miezi, na hapo ndipo wengi huachwa. Kesi huahirishwa. Nauli ya kwenda mahakamani huisha. Mume aliyekamatwa ndiye aliyekuwa akilipa karo, na mashemeji huja usiku kumsihi mama aifute kesi. Wengi hurudi nyuma hapo, nasi tusiwahukumu. Wameshindwa na njaa kabla ya kushindwa na woga. Hapa ndipo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristu na akina mama wa WAWATA wana kazi ambayo serikali haiwezi kuifanya: debe la mahindi, kitanda cha mwezi mmoja katika nyumba ambayo mume haijui, mtaji mdogo wa kuuza maandazi.

Mwenyekiti wa jumuiya asiwaite mume na mke pamoja ili kuwasuluhisha, jambo ambalo hufanyika kwa nia njema sana. Mwanamke hatasema kweli mbele ya mtu atakayelala naye nyumba moja usiku huo. Na akiisema, ataadhibiwa kwa kuisema. Asikilizwe peke yake, na mwanamke mwenzake aliye mtu mzima na asiyepeleka maneno. Asilazimishwe kusimulia yote. Aulizwe anataka nini, na jibu lake liheshimiwe hata kama silo tungelolichagua sisi. Na tarehe ya kesi ikitajwa, wawepo wawili wa kumsindikiza, waketi naye katika benchi la mahakama tangu asubuhi; na kesi ikiahirishwa, kama itakavyoahirishwa, warudi naye tena tarehe ile nyingine.