Kanga Iliyopoteza Jina: Nguo na Sindano katika Sanaa ya Johannesburg



Mtaa wa Malvern uko upande wa mashariki wa jiji la Johannesburg, nchini Afrika Kusini. Barabara yake kuu ni Jules, ile ndefu iliyonyooka itokayo Jeppestown. Kandokando yake wameishi kwa miaka mingi wageni kutoka Kongo, Zimbabwe, Msumbiji na Nigeria, na wachache kutoka kwetu Afrika Mashariki. Mama wa Tanga au wa Bukavu akitoka asubuhi kununua mkate, hali amejitanda kanga yake mabegani, huenda jirani mwenyeji akamwamkia kwa unyenyekevu usio wa kawaida. Si kwamba anamheshimu mgeni. Amemdhania kuwa ni mganga.

Katika sehemu hiyo ya Afrika, shuka ya pamba iliyopigwa chapa kwa rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, yenye picha ya simba au ya jua katikati, ni vazi la sangoma, yaani mganga wa jadi anayesema na mizimu. Shuka hiyo ni jamaa wa karibu wa kanga, na wasanii na waandishi wa huko huiita kwa jina hilohilo letu. Imefika kwao kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, kama ilivyofika kwetu. Lakini mtu wa Mombasa au Unguja akiitazama atahisi pana upungufu. Pindo lipo, mji upo, ila jina mara nyingi halipo.

Na kanga bila jina kwetu ni nini? Tangu siku za Kaderdina Hajee Essak, yule mfanyabiashara wa Mombasa aliyeanza biashara yake mwaka 1887 na ambaye kanga zake zinajulikana hadi leo kama mali ya Abdulla, nguo hii imekuwa ikiongezewa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kirumi. Mwanamke hununua doti kwa ajili ya maneno yake kabla ya rangi. Humjibu wifi, humsuta jirani, humbembeleza mume, na yote hayo bila kufungua kinywa. Jambo la kushika hapa ni kwamba mchaguzi wa maneno ni mvaaji mwenyewe.

Sasa tumtazame msanii Lawrence Lemaoana, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1982. Kwa muda mrefu amefanya kazi kwa kanga hizo za waganga. Hukata herufi kubwa za kitambaa, akazishona juu ya nguo, kisha huitundika ukutani kama bango au bendera. Maneno yake ni ya Kiingereza, na mengi yana sauti ya vichwa vya habari vya magazeti au ya kauli za wanasiasa majukwaani. Ametambua kwamba nguo ya mganga huaminiwa, na kwamba gazeti nalo huaminiwa vivyo hivyo; akaviweka viwili hivyo pamoja ili mtazamaji ajiulize ni nani hasa anayetabiri na nani anayedanganywa. Kwa namna fulani, amelirudishia jina vazi lililolipoteza. Sidhani kama ni lazima awe alikusudia kuufuata utaratibu wa pwani yetu, lakini Mswahili hawezi kusimama mbele ya kazi hizo asiuone.

Hata hivyo maneno hayo hayana mvaaji. Ni maneno ya wakubwa, yaliyorudishwa kwao kwa kejeli. Upungufu huo si mdogo katika nchi ambayo kanga iliwahi kufikishwa mahakamani.

Mwaka 2006, katika Mahakama Kuu ya Johannesburg, Jacob Zuma, aliyekuwa ameondolewa katika umakamu wa rais mwaka uliotangulia, alishitakiwa kwa kumbaka mwanamke aliyefika nyumbani kwake kama mgeni. Waliomuunga mkono mwanamke huyo walimwita Khwezi ili kulificha jina lake. Alikuwa amelala amejifunga kanga. Vazi hilo likajadiliwa mahakamani na magazetini kana kwamba lenyewe lilikuwa limetamka ridhaa. Tarehe 8 Mei mwaka huo Zuma aliachiwa huru. Mwanamke alilazimika kuihama nchi yake.

Kwetu, nguo ambayo mama hujifunga akitoka kuoga, hujifunikia akilala, humbebea mtoto na huiaga maiti kwayo, ingewezaje kuwa mwaliko? Swali hilo Khwezi mwenyewe alilijibu kwa njia ya shairi lililoipa kanga nafsi na sauti, alilolisoma Amsterdam mwaka 2008. Alifariki mwezi wa Oktoba 2016, na ndipo jina lake, Fezekile Ntsukela Kuzwayo, lilipotajwa hadharani. Miezi miwili kabla ya hapo, tarehe 6 Agosti, wasichana wanne walisimama kimya mbele ya jukwaa mjini Pretoria, Zuma akiwa Rais akihutubia baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Kila mmoja alishika karatasi yenye maandishi. Moja ilikuwa na neno moja tu: kanga. Wasikilizaji wetu wataona mageuzi yaliyofanyika hapo. Maneno yalitoka juu ya nguo, na nguo yenyewe ikawa neno.

Wako wasanii wanawake wa Johannesburg ambao wameshika sindano kwa namna hiyo ya mvaaji. Mary Sibande alilichukua vazi la buluu la mtumishi wa nyumbani, kazi waliyoifanya mama yake, bibi yake na mama wa bibi yake, akalipanua likawa joho la malkia. Mwaka 2010 picha zake kubwa zilining'inia kwenye majengo ya jiji. Billie Zangewa, mzaliwa wa Blantyre, hushona kwa mkono vipande vya hariri kuonyesha mambo ya jikoni na chumbani.

Lakini kwangu mimi anayekwenda mbali zaidi ni Senzeni Marasela. Kuanzia mwaka 2013 hadi 2019 alivaa gauni jekundu kila siku, la mtindo wa mke wa kijijini, akiigiza nafsi ya Theodorah anayemngojea mumewe Gebane, aliyekwenda Johannesburg kutafuta kazi asirudi. Wakati huohuo alitarizi kwa uzi mwekundu taswira za mwanamke huyo, mara nyingi akiwa ametupa mgongo. Theodorah ni jina la mama yake msanii.

Mwaka alioliacha gauni hilo ndio ambao, mwezi wa Septemba, umati ulichoma maduka na yadi za magari Jeppestown na kandokando ya barabara ya Jules, ukiwasaka wageni. Katika siku kama hizo, mama wa Malvern huikunja kanga yake akaiweka ndani ya sanduku, maana nguo iliyomfanya adhaniwe mganga yaweza pia kutangaza kwamba si mwenyeji. Marasela alikuwa akivaa gauni lake barabarani, sokoni na kwenye hafla, na watu wakamzoea.